Miaka Miwili ya Muziki: Nani Atakusikiliza?



Kila mwaka, mara matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, ofisi ya parokia hupata wageni wa aina yake. Hawaji kuomba cheti cha ubatizo wala kuandikisha ndoa. Huja na bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti, na huja na swali moja: mtoto aende chuo gani? Wengi huuliza juu ya uuguzi, ualimu, uhasibu na sheria, na kwa hao majibu si haba, kwa sababu kila ukoo una mtu aliyekwisha kupita njia hiyo. Safari hii tumeletewa swali ambalo halina wajomba wengi wa kulijibu. Kijana wetu mpiga kinanda anataka kusomea muziki kwa stashahada ya miaka miwili, na anataka kujua achague chuo kipi. Tumelitafakari jambo hili kwa majuma kadhaa pamoja naye na mama yake, na tumeona vema kuwashirikisha ninyi nyote, kwani tunajua kwamba kijana huyu hayuko peke yake. Katika kwaya nyingi za nchi hii yupo mmoja au wawili wa namna yake, na nyuma yao wako wazazi wanaokosa usingizi.

Kijana huyo, ambaye hatutamtaja jina, alianza kukaa kwenye kinanda cha kanisa akiwa darasa la nne. Solfa alifundishwa na mwalimu wa kwaya. Nota za mistari mitano alijifundisha mwenyewe kwa kutazama video katika simu ya kuazima. Leo hupiga Misa mbili kila Dominika, pamoja na mazishi na ndoa zisizohesabika. Shuleni hakusoma muziki, kwa kuwa shule zinazoufundisha kama somo la mtihani ni chache mno. Mama yake ni mjane, naye ni mama lishe karibu na stendi ya Msamvu hapa Morogoro. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua hisa katika VICOBA, na akiba hiyo ndiyo ada. Inatosha chuo kimoja, kwa miaka miwili, bila kubahatisha. Kijana akiingia mahali na kugundua baada ya mwaka kwamba alipotea njia, akiba ya pili haipo. Ndiyo maana mama alipoketi mbele yetu hakuuliza kwanza juu ya majengo wala umaarufu wa chuo. Aliuliza, "Baba Paroko, mwanangu atakula nota?"

Tulimjibu, "Mama, nota haziliwi, lakini wapo wanaokula kwa sababu yake." Wapo wanaofundisha muziki katika shule za binafsi, wapo wanaofanya kazi katika studio za kurekodi, wapo wanaopiga hotelini, wapo walioajiriwa katika bendi za polisi na za jeshi, na wapo walimu wa kwaya wanaolipwa, ingawa si kwaya zote zinazolipa kwa haki. Hatukumwahidi utajiri, maana hilo si letu kuahidi. Tulimwambia tu kwamba katika kazi hii, kuliko kazi nyingi, mtu hupimwa kwa kile anachoweza kukifanya mbele ya wasikilizaji. Cheti humfikisha mlangoni, akishaingia ndani huambiwa, "Haya, piga tusikie."

Mjomba wa kijana, ambaye amekuwa nguzo ya familia tangu baba yake alipofariki, alikuwa na msimamo mwingine. Kwake, kama ni lazima muziki usomwe, basi usomwe katika chuo chochote kilicho karibu na chenye ada nafuu, kwa kuwa mchagua jembe si mkulima. Tuliheshimu neno hilo, maana lina ukweli wake. Mwanamuziki wa kweli hufanya mazoezi hata kwa kinanda kibovu, na mvivu hata ukimpa piano mpya ataifunika kitambaa. Hata hivyo tulimwomba mzee wetu atazame upande wa pili wa methali hiyo. Mkulima haringii jembe, lakini udongo huuchagua kwa makini sana. Mpunga haupandwi kilimani kwa sababu tu kilima kiko karibu na nyumba. Chuo ni udongo. Tena mkulima aliyekosea ana msimu ujao, ilhali akiba hii ya mama lishe ina msimu mmoja tu.

Tulipokuwa tukisoma falsafa seminarini tulifundishwa neno la Aristotle kwamba watu hawashauriani juu ya lengo bali juu ya njia za kulifikia. Tabibu hashauriani kama aponye au asiponye. Hushauriana aponye kwa dawa ipi. Tumeona mara nyingi kwamba ugumu wa kuchagua chuo hutokana na kuanza na njia kabla ya kulitaja lengo. Kijana huuliza, "Chuo kipi ni kizuri?" ilhali hajasema kizuri kwa kazi ipi. Basi tulimpa wiki nzima ajibu swali moja: miaka mitano kutoka leo, siku ya Jumatatu asubuhi, unataka uwe unafanya nini? Alirudi na jibu lililoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Alitaka awe anafundisha kwaya, anatunga nyimbo zenye upatano sahihi wa sauti nne, na anaweza kuketi mbele ya kinanda chochote bila woga. Hakuandika juu ya jukwaa wala juu ya umaarufu. Kuanzia hapo kazi yetu ikawa nyepesi kwa nusu.

Ni nyepesi kwa sababu vyuo vya muziki havifanani, na havipaswi kufanana. Tutoe mifano michache ili msomaji aelewe. Pale Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo wengi huijua kwa kifupi cha TaSUBa. Ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na mwaka 2007 ikafanywa wakala wa serikali. Humo muziki unaishi nyumba moja na ngoma, maigizo na sanaa za ufundi, na anayetaka kusimama jukwaani, au kuzijua ngoma za makabila yetu kwa mikono na miguu yake, amefika kwake. Ukivuka bahari hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, utakutana na habari za chuo cha muziki wa nchi za jahazi, yaani Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hicho kimejijengea jina kwa taarabu na kwa vyombo vyake: udi, kanuni, fidla na ngoma. Anayetaka vyombo hivyo asipoteze muda bara. Na kule Usa River, Arusha, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira cha ndugu zetu Walutheri kina masomo ya muziki ya ngazi ya shahada, ambayo ni safari ndefu kuliko miaka miwili.

Kijana asidhani kwamba kwa kuwa yeye ni wa kanisani, basi ngoma na taarabu hazimhusu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya mwaka 1963, iliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, na kwamba walimu wa muziki mtakatifu waandaliwe kwa uangalifu. Mwaka huohuo padre wa nchi hii, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mtunzi asiyejua mapigo ya ngoma za kwao huandika nyimbo zinazochechemea, hata nota zake zikiwa sahihi zote.

Pamoja na hayo, sifa ya chuo isimfanye mtu aache kuuliza habari zake za sasa. Mwaka 2019 chuo kile cha Zanzibar, pamoja na sifa zake zote duniani, kilitangaza hadharani kwamba kilikuwa hatarini kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Hakikufungwa, na tunamshukuru Mungu. Mfano huo unatufundisha kwamba vyuo vya sanaa mara nyingi huishi kwa misaada, na misaada ina mwisho. Mzazi anayo haki ya kuuliza kwa upole: mwaka jana mlikuwa na walimu wangapi, na mwaka huu mnao wangapi?

Binamu wa kijana huyu anayeishi Marekani alileta wazo lake pia. Huko kuna vyuo vya jamii vinavyotoa digrii ya miaka miwili, yenye vipimo vya masomo vipatavyo 60, na baada yake mwanafunzi anaweza kuhamia chuo kikuu akamalizie miaka miwili mingine. Wazo hilo si baya, nasi hatukulidharau. Lakini tulimwonyesha kijana mambo mawili. La kwanza, anayeomba viza ya masomo hutakiwa kuonyesha kwamba fedha za kumtunza zipo, na fedha hizo haziko Msamvu. La pili, hata Wamarekani wenyewe wanaohama kutoka vyuo hivyo kwenda idara za muziki za vyuo vikuu kwa kawaida husailiwa upya kwa kupiga chombo, na hupimwa upya nadharia ya muziki. Vipimo vyote 60 vinaweza kupokelewa kwenye karatasi, kisha mtu akajikuta anaanza tena darasa la mwaka wa kwanza kwa sababu sikio lake halikufundishwa. Tunarudi palepale: cheti hufungua lango, na sikio hufungua chumba.

Hatusemi kwamba cheti si kitu. Kinyume chake, hilo ndilo jambo la kwanza la kuhakikisha, kwa kuwa ni jepesi kulihakikisha na hasara yake ni kubwa likipuuzwa. Katika nchi yetu vyuo vya ngazi hii husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, lililokuwa likiitwa NACTE na tangu mwaka 2021 linaitwa NACTVET. Aliyemaliza kidato cha nne kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa cheti cha ngazi ya 4, kisha hupanda ngazi ya 5 na ya 6, ambazo ndizo miaka miwili ya stashahada. Wa kidato cha sita mwenye ufaulu unaotakiwa anaweza kupokelewa moja kwa moja katika miaka hiyo miwili. Kwa miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu ya miaka ya karibuni, mwenye stashahada anayetaka kupanda hadi shahada hutakiwa kuwa na wastani usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Basi swali la kuuliza ni hili: kozi hii ya muziki yenyewe, si chuo kwa ujumla, imesajiliwa kwa ngazi gani? Chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi nyingine, na ile ya muziki ikawa ni mafunzo mafupi yaliyovishwa joho.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha tafakari yetu. Muziki haujifunzwi kwa kusikiliza mwalimu akizungumza tu. Hujifunzwi kwa mwalimu kukusikiliza wewe. Aristotle huyohuyo aliona kwamba mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Na akaongeza kwamba kwa kupiga hukohuko watu wengine huwa wapigaji wabaya, ndiyo maana mwalimu anahitajika. Tulipokuwa seminari ndogo, piano ilikuwa moja na ratiba yake ilibandikwa mlangoni, dakika 20 kwa kila mmoja. Walioendelea mbele hawakuwa wenye vipaji peke yao. Waliendelea wale ambao padre mwalimu aliwaita kwa majina, akaketi kando yao na kusikiliza, juma baada ya juma.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tukichukua wiki 15 kwa muhula, mihula minne ya stashahada ni wiki 60. Mwanafunzi anayepewa saa moja ya peke yake na mwalimu wa chombo kila wiki atasikilizwa saa 60 katika miaka yote miwili. Hizo si nyingi. Ni siku mbili na nusu za maisha yake. Sasa chukua chuo ambako wanafunzi sita huingia pamoja katika saa hiyohiyo. Kila mmoja hupata dakika 10, na kwa wiki 60 hizo ni saa 10 tu. Vyuo vyote viwili vitaandika katika ratiba "saa moja ya chombo kwa wiki", na vyote viwili vitatoa stashahada. Ada inaweza kulingana pia. Lakini mmoja amesikilizwa mara sita ya mwenzake. Tofauti hiyo haionekani kwenye kipeperushi, wala kwenye picha za wahitimu waliovaa kofia. Huonekana kwa aliyekwenda na kuuliza.

Basi tulikwenda. Jumatatu moja, ambayo kwetu ni siku ya mapumziko, tulimsindikiza kijana pamoja na mama yake kwenye chuo kimoja cha binafsi, ambacho si kati ya hivi tulivyovitaja. Ukumbi wa mapokezi ulipendeza, na mazungumzo yalikuwa ya heshima. Tulionyeshwa chumba cha muziki kupitia dirishani, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyesafiri. Ndani tuliona piano imefunikwa kitambaa na juu yake vimepangwa viti vya plastiki. Kijana aliuliza swali lake, "Nani atakuwa ananisikiliza?" Akajibiwa kwamba mwalimu wa kinanda atatafutwa wanafunzi wakifika idadi. Mama hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha daladala. Ndipo aliposema, "Mimi siwezi kumwambia mteja alipe, halafu nikaanze kutafuta mchele." Hatukuwa na la kuongeza.

Chuo cha pili kilikuwa mbali zaidi, na kwa macho hakikuwa na la kujivunia. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka, feni haikuzunguka. Mwalimu, mwanamama wa makamo, alimwambia kijana aketi apige chochote anachokijua. Akapiga kwa dakika zipatazo nne, nasi tukajivunia mtoto wetu. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Mwanangu, mkono wa kulia unaimba, lakini wa kushoto umelala. Na hiyo si piano unayopiga, unapiga kinanda cha vibonye 61 juu ya piano ya vibonye 88." Akamwonyesha kwa mkono wake namna uzito wa kidole unavyobadilisha sauti, jambo ambalo kinanda chetu cha umeme kisingeweza kumfundisha kamwe. Akamtaka aimbe sauti aliyoipiga bila kumwonyesha, kisha mbili kwa mpigo, kisha tatu. Katika miaka yote ya kupiga Misa, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kijana huyu juu ya mkono wake wa kushoto. Alitoka mle chumbani amenyongea na amefurahi kwa wakati mmoja. Mtakatifu Thomas wa Akwino anahesabu utayari wa kufundishika kuwa sehemu ya fadhila ya busara, nasi siku ile tuliuona usoni pake.

Tuliuliza na mengine. Chumba cha mazoezi hufunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi? Umeme ukikatika, kuna chombo kisichohitaji umeme? Piano hupigwa toni mara ngapi kwa mwaka? Piano ina nyuzi zipatazo 230, na joto na unyevu wa nchi yetu havina huruma nazo. Chuo kisichokuwa na jibu la swali hilo kinafundisha wanafunzi kusikia vibaya. Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi, na je, twaweza kuzungumza na mmoja wao? Na tuliuliza juu ya kuandika nota. Wengi wa watunzi wa kwaya zetu walijifunza kuandika nyimbo kwa programu ya kompyuta iitwayo Finale. Mwaka 2024 kampuni yake ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena, baada ya miaka ipatayo 35, na watu waliojua kubonyeza tu walipatwa na hofu. Waliofundishwa upatano wa sauti na kusikia kwa ndani walihamia programu nyingine na kazi ikaendelea. Chuo kinachojisifu kwa kompyuta zake tu, mzazi akitazame mara mbili.

Kuhusu fedha, ni lazima tuseme bila kuficha. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianza kutolewa kwa wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani chache za kipaumbele kama afya, kilimo, usafirishaji na madini. Muziki haukuwamo katika orodha ile ya mwanzo. Orodha hizo hubadilika, kwa hiyo kila mwombaji asome mwongozo wa mwaka wake. Lakini mama yetu alifanya hesabu zake kwa kalamu kana kwamba mkopo haupo: ada, chumba, chakula, nauli za likizo, mitihani, na kinanda kidogo cha kufanyia mazoezi usiku. Alipojumlisha, akiba ya VICOBA ilipungukiwa kidogo. Hapo ndipo jambo hili lilipofika kwenye Halmashauri ya Walei ya parokia, na hapo ndipo lilipokuwa gumu.

Wajumbe walikubali kwa moyo mmoja kuchangia. Lakini baadhi ya wazee wetu, kwa nia njema kabisa, walitaka kuweka sharti: parokia imsaidie iwapo atachagua chuo cha karibu, ili kila Dominika aendelee kutupigia. Mmoja akasema, mcheza kwao hutunzwa. Hoja haikuwa ndogo. Kijana akiondoka, hatuna mpiga kinanda mwingine, na Misa ya kwanza ingeimbwa kavu. Sisi wenyewe, kama paroko, tuna maslahi katika jambo hili, na hilo tulimwambia kijana tangu siku ya kwanza: "Ushauri wetu upime, maana anayekushauri ndiye anayekuhitaji." Basi mbele ya wajumbe tulisema tulichoamini. Msaada wenye kamba si msaada, ni ununuzi. Tukimfunga hapa kwa ajili ya Dominika zetu, tutapata mpigaji yuleyule mwenye mkono wa kushoto uliolala, na baada ya miaka miwili atakuwa na cheti na majuto. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Lakini kwanza aachwe aende akajifunze kucheza.

Kikao kilikuwa kirefu. Mjomba wake, ambaye ni mjumbe, ndiye aliyekimaliza. Alisimama akasema kwamba yeye bado haelewi muziki, lakini anaelewa fundi anayejua kazi yake, na kwamba yule mwalimu aliyetambua kasoro kwa dakika nne ni fundi. Mchango ukapitishwa bila sharti. Kijana naye, bila kuombwa, aliahidi kuwafundisha wasichana wawili wa kwaya ya watoto mpaka siku atakapoondoka. Kwa sasa wanapiga nyimbo tatu, taratibu, na waamini wamejifunza kuwasubiri.

Kwenu wazazi mnaosoma tafakari hii: msimzuie mtoto kwa sababu tu kazi yake hamwielewi, wala msimpeleke popote kwa sababu tu mmechoka kubishana. Ulizeni usajili wa kozi, hesabuni gharama yote, kisha ingieni darasani mkaone. Nanyi vijana, msichague chuo kwa sababu rafiki anakwenda huko, au kwa sababu picha zake zinapendeza. Miaka miwili ni mifupi sana. Kabla hujalipa shilingi ya kwanza, omba uketi mbele ya mwalimu atakayekufundisha, piga au imba kwa dakika chache, kisha sikiliza atakachosema. Akikusifu tu, shukuru, na uendelee kutafuta. Akikuambia jambo la kweli ambalo hujawahi kuambiwa, na ukaona anajua namna ya kulirekebisha, basi umepata mahali pa kuanzia.



Paroko wenu